Kambi ya upimaji, kituo cha afya au mashine ya nyumbani: mzee wa mlimani apimiwe wapi presha na sukari?

Tangazo hufika kwa njia zilezile. Gari lenye spika linapanda taratibu kutoka barabara ya lami, mwinjilisti analisoma baada ya mahubiri, halafu mtu anapiga picha bango na kulirusha kwenye kundi la ukoo: kambi ya upimaji bure, presha, sukari, macho na tezi dume, uwanja wa shule ya msingi, kuanzia saa mbili asubuhi. Watoto walioko Dar na Dodoma wanaanza kuulizana nani ampeleke mama. Mmoja anasema kambi zinapoteza muda, apelekwe KCMC, hospitali kubwa ya Moshi, moja kwa moja. Mwingine anaahidi kununua mashine ya presha akija Krismasi, mama apimwe sebuleni na maneno yaishe.

Nimeona yote hayo yakifanyika Moshi Vijijini, Hai na upande wa Arumeru, na mimi huanza na swali moja: ugonjwa unaoutafuta unaisha ukishatibiwa, au mtu ataishi nao? Mtoto wa jicho anaisha. Ngiri inaisha. Kwa hayo kambi ni mahali pazuri sana. Presha na kisukari haviishi, kwa hiyo pa kupimia pawe mahali ambapo mzee anaweza kurudi mwezi ujao akakuta mtu, daftari na dawa. Kwa familia nyingi za mlimani hapo ni kituo cha afya kilekile tunachokipita kila siku tukielekea mjini.

Kwamba apimwe, hilo halina ubishi. Utafiti wa kitaifa wa 2012, uliohusu watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta presha ya juu kwa karibu asilimia 26 na kisukari kwa asilimia 9 hivi. Wilayani Hai, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwapima wazee wa miaka 70 na kuendelea. Saba kati ya kumi walikuwa na presha, na wengi wao walikuwa hawajui. Hawajui kwa sababu presha haiumi. Bibi anakata majani ya ng'ombe, anapandisha ndoo, anakwenda jumuiya, mpaka siku mkono mmoja unapokataa kushika kikombe.

Kambi inapofanya kazi nzuri

Tofautisha kwanza kambi na kambi, maana bango halitofautishi. Kuna ile ya siku moja, ya kanisa, msikiti, kampuni au wageni wa kujitolea, yenye meza chache na turubai. Kuna ya madaktari bingwa, inayowekwa hospitali ya wilaya au uwanjani kwa wiki nzima. Tangu 2024 serikali imekuwa ikituma timu za madaktari bingwa wa Rais Samia kwenye hospitali za halmashauri: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, wanawake na uzazi, na wataalamu wa usingizi na ganzi. Juni mwaka huohuo uwanja wa Sheikh Amri Abeid pale Arusha ulifurika watu waliokuja kambi ya matibabu ya bure, wengine wakitoka wilaya za mbali kabisa za mkoa. Na kuna huduma mkoba, pale hospitali kubwa inapowatuma wataalamu wake hospitali ndogo kwa ratiba.

Kambi ya mabingwa ina thamani kubwa kwa mtu ambaye tatizo lake linajulikana lakini bingwa wa kuliona yuko mbali. Mzee mwenye ngiri ya miaka, mama mwenye uvimbe, babu ambaye haoni tena njia ya shambani. Hao waende, na waende siku ya kwanza. Mtoto wa jicho hasa: timu ya macho ikija kijijini inamtambua mgonjwa kwa kurunzi na kibao cha herufi, inampangia tarehe ya upasuaji, na akishafanyiwa anaona. Hakuna dawa ya kila mwezi wala daftari la maisha.

Kambi ya siku moja nayo ina faida ambayo vituo vya afya havijaiweza, nayo ni kuwapata wanaume. Mwanaume wa mgombani hawezi kuamka Jumanne akasema anakwenda zahanati kupima presha wakati haumwi. Lakini meza ikiwekwa gulioni Mwika au Himo, au nje ya kanisa watu wakitoka ibadani, atakaa. Rafiki yake amekaa, yeye akikwepa ataonekana mwoga. Wengine hupimwa kwa utani tu, wakishindana nani ana presha ndogo, na mmoja kati yao anatoka pale akiwa kimya. Kama baba yenu ni wa aina hiyo, msibishane naye kuhusu kituo cha afya. Mpelekeni kambini, hatua ya pili itajulikana akishaiona namba yake kwa macho.

Namba ya kambini isiaminiwe haraka

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo maamuzi mengi mabaya yanapoanzia.

Kwenye kambi moja ya uwanja wa kanisa nilisimama karibu na meza ya presha. Foleni ilikuwa ndefu na viti vichache. Bibi mmoja, ambaye alikuwa amepanda kilima kwa miguu na kusimama muda mrefu juani, alifika zamu yake amevaa sweta juu ya gauni. Kijana wa mezani akamwamkia, "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu." Akamfunga mkanda juu ya sweta, akabonyeza, na wakati mashine inajaza upepo akaendelea kumuuliza jina, kitongoji na namba ya simu. Bibi anajibu, mkono unaning'inia. Ikasoma 172 juu ya 96. Muuguzi mtu mzima aliyekuwa meza ya pili akaona, akamwita bibi akae kwenye benchi lenye egemeo, avue sweta, akajisaidie kwanza, atulie. Walipompima tena, mkono ukiwa umelala mezani usawa wa moyo na hakuna anayemwongelesha, ikasoma 146 juu ya 84. Bado iko juu, lakini hii ni habari nyingine kabisa. Ya kwanza ingemrudisha nyumbani na mfuko wa vidonge na hofu. Ya pili ilimrudisha na agizo la kwenda kupimwa tena siku nyingine.

Utaratibu wenyewe si siri: dakika tano za kukaa kimya, nusu saa bila kahawa, sigara wala kazi ngumu, kibofu kitupu, mgongo umeegemea, miguu sakafuni isipishane, mkanda kwenye ngozi na wenye ukubwa unaolingana na mkono. Kambini, watu mia wakiwa wanasubiri, utaratibu huo ndio wa kwanza kupungua. Sitawalaumu wanaopima, ila ndiyo sababu presha haitangazwi kwa kipimo cha siku moja. Mtu anahesabiwa kuwa na presha ya juu namba ya juu ikifika 140, au ya chini ikifika 90, kwa siku zaidi ya moja. Kinachohitaji haraka ni ile inayofika 180 juu ya 120, na ikiambatana na maumivu ya kifua, kichwa kuuma vibaya, kuona ukungu au upande wa mwili kulegea, huyo ni wa hospitali siku hiyohiyo, asisubiri gari la jioni.

Sukari ina mtego wake. Bango linasema "mje bila kula", mama anatoka nyumbani na njaa saa kumi na mbili, zamu yake inafika saa sita mchana, na katikati mjukuu amemletea chai na maandazi kwa huruma. Kipimo kikisoma 9 (kwa kizio cha mmol/L), hiyo 9 ni ya nini? Sukari ya mtu aliyekaa bila kula kwa muda wa saa nane au zaidi ikifika 7.0 inatia shaka ya kisukari. Ya mtu aliyekula inahesabika kuanzia 11.1, tena akiwa na dalili kama kiu, kukojoa sana na kupungua mwili. Bila dalili, kipimo kinarudiwa. Mpimaji asipouliza umekula saa ngapi, namba uliyopewa haina maana sana. Na mzee ambaye tayari anatumia dawa za kisukari asifungishwe mpaka mchana: sukari inaweza kushuka akaanguka palepale kwenye foleni.

Kuna hatari iliyo kinyume nayo ni ya kimyakimya zaidi. Mtu anapimwa mara moja, inasoma vizuri, na kwa miaka mitano ijayo anawaambia watu "mimi nilipima kambini, sina kitu".

Dawa za kambini

Kambi nyingi hutoa dawa, na hapo ndipo mimi na mashabiki wa kambi tunapoachana. Mama anarudi na vifuko vilivyoandikwa kwa kalamu "1x1", vya wiki mbili au mwezi. Zikiisha, timu imeshahama. Kwa kuwa haumwi, anaona amepona. Presha inarudi ilikokuwa na hakuna anayejua, mpaka kambi ijayo, kama itakuwepo, ambapo anaandikishwa upya kama mgonjwa mpya kwenye karatasi mpya.

Kwa aliye na kliniki yake, tatizo ni la kurudufu. Anatumia amlodipini, dawa ya presha, kutoka kituo cha afya, kambini anapewa amlodipini ya kiwanda kingine, rangi nyingine, na anameza zote mbili kwa uaminifu. Miguu inavimba, kichwa chepesi, anaanguka bafuni. Daktari wa kambi hakukosea, hakuonyeshwa daftari.

Kwa hiyo kambi ninayoithamini kwanza ni ile inayoandika rufaa kwenda kituo kinachojulikana kwa jina, na yenye muuguzi au tabibu wa kituo hicho mezani. Kambi ambayo zahanati ya kijiji haina habari nayo, hata iwe na fulana na kofia nzuri namna gani, naihesabu kama mahali pa kusalimiana.

Kituo cha afya cha jirani

Hapa hakuna spika wala picha za kurusha, na foleni ya asubuhi inachosha. Lakini ukilinganisha na kambi kwa presha na kisukari, kituo kinashinda kwa jambo moja lenye uzito kuliko mengine yote: mwezi ujao kitakuwa palepale. Vituo vingi vina siku maalumu ya kliniki ya presha na kisukari, na mgonjwa akienda siku hiyo anakuta wenzake, anapimwa, anaandikiwa, anapewa tarehe. Baada ya miezi michache muuguzi anamjua kwa jina na anajua kwamba presha yake hupanda akikosa dawa wakati wa misiba.

Zahanati na kituo cha afya havilingani, na watu huvichanganya. Zahanati iko karibu zaidi na inatosha kupima presha mara kwa mara, ila stripu za sukari, vile vijikaratasi vya kuwekea tone la damu, huisha, na baadhi ya dawa hazipatikani ngazi hiyo. Kituo cha afya kina maabara, kinaweza kupima mkojo kuona kama figo zinavujisha protini, jambo ambalo kila mwenye presha au kisukari anapaswa kufanyiwa na wengi hawajawahi. Mama zetu pia wanaweza kuchunguzwa saratani ya mlango wa kizazi kwenye vituo vingi siku yoyote ya kazi, na mabadiliko ya awali yakionekana mara nyingi yanatibiwa palepale. Hilo halina haja ya kusubiri bango.

Udhaifu wake usifichwe: dawa hukatika. Mzee anaambiwa akanunue, na mwezi ambao hana hela ananunua za siku kumi. Hapo ndipo pesa ya watoto wa mjini inafanya kazi kuliko mahali pengine popote. Ukitaka kumsaidia mama, mtumie ya dawa kila mwezi tarehe ileile, kuliko kumlipia kipimo kikubwa mara moja kwa mwaka. Kama ana miaka 60 na kuendelea na hana uwezo, Sera ya Afya ya 2007 inampa matibabu bila malipo. Afuatilie kitambulisho cha mzee kupitia ofisi ya kijiji na ustawi wa jamii. Kama kaya ina bima, ulizeni inakubalika kuanzia kituo gani na inapanda mpaka hospitali ipi.

Mawenzi, Mount Meru, KCMC

Hapa nitapita haraka. KCMC, iliyofunguliwa 1971, ni hospitali ya kanda. Mawenzi na Mount Meru ni za rufaa za mikoa, ya Kilimanjaro na Arusha. Kumpeleka mzee asiye na dalili KCMC "akapimwe kila kitu" ni kumchosha kwa safari na mizunguko ya madirisha, halafu arudishwe kufuatiliwa palepale alipotoka. Barua ya rufaa ndiyo inayorahisisha mambo, ya bima pia. Hospitali hizi ni za mtu ambaye presha imekataa kushuka kwa dawa, ambaye figo zimeanza kuonyesha dalili, ambaye kisukari kimegusa macho au kidonda cha mguu hakikauki. Huko kuna kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, ambacho hakidanganywi na maandazi ya asubuhi.

Katikati kuna hospitali ambazo familia za mjini huzisahau: Machame, Kibosho, Kilema, Marangu, Huruma kule Rombo, na upande wa Arusha Selian na Nkoaranga. Kwa mzee wa mlimani zinaweza kuwa jibu zuri kuliko hospitali kubwa za juu na vituo vya chini: daktari yupo, maabara ipo, na ni gari moja tu kutoka nyumbani.

Mashine sebuleni

Nunueni. Mashine nzuri ya mkono wa juu haifiki bei ya mbuzi wa Krismasi, na inakaa miaka. Achaneni na za kifundo cha mkono, hukosea namba mkono ukikaa vibaya. Ila mashine haitibu wala haishauri. Kazi yake ni kumwandikia daktari yale ambayo mgonjwa hupata nyumbani akiwa ametulia, asubuhi na jioni, kwenye daftari la shule la kawaida. Nimeona nyumba ambako mashine imegeuka chanzo cha ugonjwa: mama anajipima kila akisikia kichwa, inasoma juu, anaogopa, inapanda zaidi, anameza kidonge cha ziada. Mwekeeni saa na siku, basi. Betri pia zikaguliwe, maana betri zikichoka mashine huanza kusumbua.

Glukomita, mashine ya kupima sukari, sina haraka nayo kwa mtu ambaye hajathibitishwa kuwa na kisukari. Stripu ndizo zinazokula pesa, kila mashine ina zake, na zikipitwa na wakati au zikiachwa wazi kwenye unyevu hazifai. Duka la dawa la mtaani linafaa kwa kipimo cha kushtukia tu. Likikupima na kukuuzia dawa ya presha dakika hiyohiyo bila daktari, toka.

Longido siyo Kibosho

Yote niliyosema yanadhani kituo cha afya kipo karibu. Kwa boma la Longido, Ngorongoro au pembezoni mwa Monduli hesabu inabadilika. Huko mtu anaweza kutembea nusu siku kufika zahanati, na wanaume wanahama na mifugo kiangazi. Kambi au gari la kliniki linalofika siku ya mnada ndilo linaloweza kuwa kituo cha afya chenyewe, na ningelichagua bila kusita, kwa sharti moja: linarudi. Timu inayofika kila mwezi mahali palepale, ikiwa na daftari lilelile, inaweza kumtunza mwenye presha. Flying Medical Service ya Arusha imekuwa ikitua na ndege ndogo kwenye vijiji vya mbali vya umasaini tangu miaka ya 1980, na wanaosubiri ndege hiyo wanajua inakuja kwa ratiba. Kwa kambi inayokuja mara moja, huko mbali ndiko ubaya wake ni mkubwa zaidi: mtu anaambiwa ana kisukari, anapewa vidonge vya mwezi, na dawa nyingine iko safari ya siku nzima. Viongozi wa kijiji wakiombwa kibali cha kambi, waulize tarehe ya pili kabla ya kuonyesha uwanja.

Kama mmeamua kambi

Mama aende na daftari lake la kliniki na maganda ya dawa zote anazotumia, za miti shamba pia na zile za maumivu ya mgongo anazonunua dukani, kwa kuwa zikitumika muda mrefu zinaweza kuumiza figo. Avae nguo ambayo mkono wake unapandishwa bila kuvuliwa. Abebe kitu cha kula baada ya kupimwa sukari. Aombe namba ziandikwe kwa karatasi pamoja na saa aliyokula, na mtu mmoja wa familia azipige picha kabla karatasi haijafungiwa ndimu. Ikiwa presha au sukari imesoma juu, wiki hiyohiyo aende kituo cha afya na hiyo karatasi, hata kama kambi imempa dawa.

Na ninyi mnaopanda Desemba: kliniki nyingi hupunguza kazi siku za sikukuu, na mabasi yakishajaa hakuna anayefika Moshi mapema. Mpigieni mganga mfawidhi, mkuu wa kituo, mjue siku ya kliniki, mpange safari mkafike kabla yake.